Barua ya wazi kwa wakuu wa maktaba: mpeni mamlaka anayelinda siri za wasomaji

Waheshimiwa wakurugenzi wa maktaba, wakuu wa vyuo, na wajumbe wa bodi mnaopitisha bajeti zake,

Nawaandikia kuhusu ukurasa ambao wengi wenu hamjaufungua kwa muda mrefu: ule unaomtaka msomaji aandike namba ya kadi na nywila kabla hajapewa kitabu au makala. Mimi ni mkutubi wa mifumo, mtu wa maktaba anayeendesha kompyuta zake, na hufanya kazi upande wa nyuma wa ukurasa huo. Huko ndiko inakoamuliwa nani atajua msomaji amesoma nini, jambo hilo litahifadhiwa kwa muda gani, na litapelekwa kwa nani. Maamuzi hayo hayafiki kwenye vikao vyenu. Huyafanya mtu mmoja aliyekaa mbele ya faili la mipangilio, mara nyingi kwa haraka, bila sera ya kumwongoza, na kwa cheo kisichompa ruhusa hata ya kumkatalia muuzaji wa mifumo au majarida. Ninachoomba ni mtu huyo apewe mamlaka, muda wa kufanya kazi yake, na ngazi ya kupanda. Bila hayo, ahadi yenu ya kulinda faragha ya wasomaji haina mtekelezaji.

Ahadi hiyo mmeitoa wenyewe. Chama cha wakutubi cha Marekani kiliiweka katika kanuni zake za maadili mwaka 1939. IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, likaiweka katika kanuni zake za mwaka 2012, na mwaka 2015 likatoa tamko mahsusi kuhusu faragha katika maktaba. Enzi za karatasi haikuwa ngumu kuitimiza. Katika utaratibu wa Browne, uliotumiwa na maktaba nyingi duniani, kitabu kiliporudishwa kadi yake ilirejeshwa ndani yake, msomaji akapewa tiketi yake, na hapakubaki alama yoyote kwamba fulani amewahi kukiazima. Usahaulifu ulikuwa sehemu ya utaratibu wenyewe. Kompyuta ilikuja na mazoea mengine: haifuti mpaka iambiwe ifute, na wa kuiambia lazima awepo.

Chukueni mfano wa Koha, mfumo huria (yaani wa bure, ambao yeyote anaweza kuurekebisha) unaoendesha maktaba katika nchi nyingi. Ndani yake msomaji anaweza kuchagua historia yake ya kuazima ihifadhiwe daima, ihifadhiwe kwa muda uliowekwa na maktaba, au isihifadhiwe kabisa baada ya kitabu kurudi. Waliouunda walilifikiria jambo hili vizuri. Lakini msomaji haoni uchaguzi huo mpaka kuna mtu auwashe. Mtu huyo pia atengeneze akaunti isiyo ya yeyote, ambayo rekodi za zamani zitahamishiwa ili hesabu za uazimaji zisiharibike, kisha apange kazi ya usiku, ambayo kompyuta huifanya yenyewe, ya kuyaondoa majina yaliyopitwa na muda. Kwa anayejua si kazi kubwa. Maktaba isiyo na mtu huyo inaendelea kulimbikiza majina ya watu na vitabu vyao tangu siku mfumo ulipowashwa, na ukiuliza nani aliamua hivyo, hakuna.

Hali ni hiyohiyo kwa majarida na hifadhidata. Msomaji akiwa nyumbani na akataka makala iliyolipiwa na maktaba, hupitishwa kwenye proksi, yaani seva ya kupitishia mawasiliano. Inayojulikana zaidi ni EZproxy, iliyoandikwa mwaka 1999 na Chris Zagar akiwa katika maktaba ya chuo kimoja huko Arizona, na kununuliwa na OCLC, shirika la huduma za maktaba, mwaka 2008. Proksi husimama katikati, kwa hiyo mchapishaji huona anwani ya maktaba badala ya anwani ya msomaji. Kwa upande wa nje hiyo ni kinga nzuri. Kwa upande wa ndani, seva hiyohiyo huandika kila ukurasa uliofunguliwa, na ni mstari mmoja wa mipangilio unaoamua kama jina la msomaji litaandikwa kando yake. Ukiuwasha, utakuwa na daftari la kila alichosoma kila mwanafunzi, kwa saa na dakika: aliyetafuta habari za ugonjwa anaouficha, aliyesoma kuhusu dini asiyozaliwa nayo, aliyetaka kujua sheria inasemaje juu ya talaka.

Zipo sababu halali za kuuwasha. Akaunti ikiibwa na mwizi akapakua maelfu ya makala kwa usiku mmoja, mchapishaji hufungia chuo kizima, na bila jina hatuwezi kumjua aliyeibiwa akaunti ili tuifunge. Nimeamshwa usiku kwa ajili ya visa hivyo na ninaujua uzito wake. Ila wizi wa juzi hausakwi kwa kumbukumbu za miaka mitano iliyopita. Kama mngekuwa mmeandika kwamba majina yakae miezi mitatu kisha yafutwe zibaki hesabu tu, ningetekeleza leo. Mahali pengi muda huo haujaandikwa popote, kwa hiyo mafaili hurundikana hadi diski inapojaa, na anayeyafuta huyafuta kwa sababu ya nafasi.

Njia mpya zaidi ni kuingia kwa akaunti ya chuo kupitia programu ya Shibboleth au huduma ya OpenAthens, kwa itifaki ya SAML, yaani kanuni ambazo chuo hufuata kumthibitishia mchapishaji anayeingia. Wachapishaji wanaipenda. Mradi wao wa RA21, ulioanza mwaka 2016 na kuzaa huduma ya SeamlessAccess, ulilenga kuwatoa wasomaji kwenye utambuzi wa anwani za IP, zile namba za kompyuta mtandaoni, na kuwapeleka huko. Wakutubi wengi waliingiwa na hofu kwamba sasa kila msomaji atajulikana kwa jina. Wana haki ya kuogopa, na jibu la kweli ni kwamba inategemea aliyeunganisha. Chuo kinaweza kumwambia mchapishaji mambo mawili tu: huyu ni mmoja wetu, na hii ni namba yake isiyomtaja, iliyo tofauti kwa kila mchapishaji ili wasiweze kumlinganisha huku na kule. Chuo hichohicho kinaweza kupeleka jina kamili, barua pepe, idara na namba ya usajili. Programu ni ileile. Tofauti iko kwenye faili moja linalochuja sifa zipi zitoke na zipi zibaki ndani.

Sasa tazameni nani hulijaza faili hilo. Kampuni hutuma fomu ya kuunganishwa, na mara nyingi fomu huomba jina na barua pepe kana kwamba pasipo hivyo mlango hautafunguka. Mtu wa TEHAMA ambaye hajawahi kufanya kazi maktaba hukubali vyote, maana kwake huu ni mfumo kama ule wa mishahara au wa mitihani. Mkutubi ambaye hajafundishwa SAML hata fomu yenyewe haioni. Anayehitajika ni mtu anayejua yote mawili: anayejua sifa ipi ni ya lazima kiufundi, na anayejua kwa nini zile nyingine zikataliwe. Muundo wenu wa utumishi haujamwekea mtu huyo kiti.

Kuhusu nywila nitasema machache. Bado zipo maktaba ambazo nywila ya kuanzia ni mwaka wa kuzaliwa au tarakimu nne za mwisho za simu, na msomaji halazimiki kuibadilisha. Zipo ambazo anayesahau nywila hutumiwa ileile aliyoiweka, na hicho ni kielelezo tosha kwamba mfumo unaitunza kama ilivyoandikwa, kwa hiyo akiingia mwizi atazikuta zote zikisomeka. Jaribuni wenyewe kwenye maktaba zenu, haihitaji fundi. Zipo kaunta ambako watumishi wote hutumia akaunti moja, hivyo mtumishi akichungulia rekodi za jirani yake haitajulikana ni nani. Mashine za kujiazimia vitabu, pamoja na huduma nyingi za vitabu vya kielektroniki, huuliza uhalali wa kadi kwa itifaki ya SIP, iliyoanzishwa na kampuni ya 3M mwaka 1993. Toleo lake la pili, SIP2, bado limeenea, na lenyewe halisimbi chochote: namba ya kadi na nywila husafiri wazi, isipokuwa mtu ajenge njia iliyosimbwa ya kuzipitishia. Njia hiyo haidai leseni. Inadai saa za mtu, na mtu wa kuiangalia isije ikazimika.

Niongeze jambo ambalo nimeona likikosewa kwa nia njema. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na kithibitisho cha pili kama namba inayotumwa kwenye simu, uwe wa lazima kwa kila mtumishi anayeweza kufungua rekodi za wasomaji, na kwa kila anayeingia kwenye seva akiwa mbali. Kwa msomaji wa maktaba ya umma usiwe wa lazima. Wapo wasomaji wasio na simu, wapo wanaoishi na mtu anayewakagua simu, na wapo watoto. Ukimwambia mtu kwamba bila namba ya simu hapati kitabu, umeifunga maktaba mbele ya yule aliyeihitaji kuliko wote. Kupambanua haya kunataka mtu anayewafahamu wasomaji, na mwongozo wa usalama ulionakiliwa kutoka benki hautampa ufahamu huo.

Kisha ziko taarifa zinazotoka nje bila hata kuingia kwenye akaunti. Fungueni katalogi yenu mtafute kitabu. Picha za majalada mnazoziona mara nyingi haziko kwenye seva yenu. Kivinjari cha msomaji huzifuata kwa kampuni ya nje, na katika kuzifuata huipa anwani yake ya IP pamoja na ISBN, namba ya utambulisho, ya kila kitabu kilichotokea. Mkiwa mmeweka kihesabu wageni cha kampuni nyingine, kama Google Analytics, anwani ya ukurasa hupelekwa huko pia, na katika katalogi nyingi ndani ya anwani hiyo yamo maneno aliyoyatafuta msomaji. Hakuna aliyevunja mkataba wala sheria ya ndani. Kuna mtu aliona katalogi itapendeza ikiwa na picha, na hakukuwa na wa kumwambia kwamba seva ya maktaba inaweza kuzichukua picha hizo yenyewe na kuzigawa kutoka hapo.

Mwaka 2014 ilibainika kwamba programu ya Adobe Digital Editions, ambayo wasomaji wengi walilazimika kuitumia ili kusoma vitabu vya kielektroniki vya maktaba, ilikuwa ikituma kwa Adobe taarifa za vitabu na kurasa zilizosomwa, tena bila kuzisimba. Maktaba zilikuwa zimewaelekeza wasomaji wao wenyewe kuipakua. Nalikumbusha tukio hilo kwa sababu ya namna lilivyogundulika: mtu mmoja nje ya maktaba alichunguza kilichokuwa kikitoka kwenye kompyuta yake. Uchunguzi wa namna hiyo ungepaswa kufanywa na maktaba kabla ya kutia saini, na unataka mtu anayejua kusoma mawasiliano ya mtandao, mwenye siku nzima ya kuyasoma, na mwenye ruhusa ya kuandika kwenye jalada la manunuzi kwamba bidhaa hii isinunuliwe mpaka irekebishwe. Nimewaona wenzangu wenye ujuzi huo. Sijamwona hata mmoja ambaye ruhusa hiyo imeandikwa kwenye majukumu yake.

Pengine mnajiuliza haya yana uzito gani, na ni nani atakayezitaka taarifa za wasomaji. Mwaka 2005 maofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, walimpelekea George Christian, aliyekuwa akiongoza ushirika wa kompyuta wa maktaba katika jimbo la Connecticut, hati ya kudai taarifa za watu wote waliotumia anwani moja ya IP katika muda wa dakika 45 mwezi Februari mwaka huo. Hati ilikuja na amri ya kutosema kwa mtu yeyote. Yeye na wenzake watatu, Barbara Bailey, Peter Chase na Janet Nocek, walikataa, wakaenda mahakamani bila kuruhusiwa hata kujitaja majina, na mwaka 2006 serikali iliiondoa amri hiyo na kuacha kudai. Angalieni hati ilifikia meza ya nani. Ilikwenda kwa mwenye mfumo, kwa sababu majibu yalikuwa kwenye mfumo. Nawaheshimu sana wale wanne. Hata hivyo ushujaa wao usiwe ndio mpango wenu. Mpango uwe kutokuwa na cha kukabidhi, na hilo linaamuliwa miaka kabla hati haijafika, na yule anayepanga kazi ya usiku ya kufuta.

Wasiokuja na hati huja na programu za kudai fidia, zinazofunga mafaili mpaka mwenyewe alipe. Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ilivamiwa na kundi liitwalo Rhysida. Takriban gigabaiti 600 za mafaili zilinakiliwa, seva nyingi zikaharibiwa, na maktaba ilipokataa kulipa, wahalifu wakamwaga walichoiba mtandaoni. Katalogi ilianza kurudi Januari 2024. Huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi. Wikiendi hiyohiyo ya Oktoba maktaba ya umma ya Toronto, Kanada, yenye matawi 100, nayo ilishambuliwa, na vitabu vilivyorudishwa vikarundikwa kwenye matrela kwa kuwa hapakuwa na mfumo wa kuvipokea. Mei 2024 ikawa zamu ya maktaba ya umma ya Seattle, Marekani.

British Library ilifanya jambo ambalo taasisi chache huthubutu: Machi 2024 ilichapisha ripoti ya wazi ya yaliyoipata. Tafadhali isomeni, kila mmoja wenu. Inaeleza kwamba mahali panapodhaniwa kuwa ndipo walipoingilia ni seva ya kufanyia kazi kutoka mbali, ambayo haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Inaeleza jinsi wingi wa mifumo ya zamani ulivyozidisha madhara na kuchelewesha kusimama tena. Na inasema kwamba kitengo cha teknolojia kilikuwa kimeelemewa na kupungukiwa watu hata kabla ya shambulio. Ikiwa maktaba ya ukubwa ule imekiri hivyo hadharani, nawaomba mjiulize hali ikoje kwenye taasisi zenu, ambako kitengo chote huenda ni mtu mmoja.

Huyo mtu mmoja ndiye ninayemtetea. Tangazo la kazi yake humtaka awe na shahada ya ukutubi, ajue hifadhidata, ajue mitandao, ajue kuandika programu, ajue mikataba ya majarida, na awe na lugha nzuri kwa wateja. Kisha humwajiri kwa daraja la chini kabisa la ukutubi. Upande wa TEHAMA humwona kama mtu wa maktaba, upande wa maktaba humwona kama fundi, na linapofika suala la kupandishwa cheo hupigwa danadana kati ya pande hizo mbili, kwa maana fomu za tathmini za upande mmoja hupima vitabu vilivyoorodheshwa na za upande wa pili hupima kompyuta zilizotengenezwa. Kazi aliyoizuia isiharibike haina safu kwenye fomu yoyote. Mfumo wa kuingia ukikwama usiku wa kuamkia mitihani, simu hupigwa kwake, bila posho na bila mtu wa kubadilishana naye zamu. Wengine huajiriwa kwa fedha za mradi, na mradi ukiisha huondoka, wakiacha seva ambayo hakuna aliyebaki anayejua ilivyojengwa.

Wanaobaki hubaki kwa mapenzi ya kazi. Nawajua, na mapenzi hayo ni ya kweli. Lakini mtu mwenye familia hawezi kukataa milele mshahara mkubwa zaidi kutoka kampuni ya simu. Na akienda, huondoka na ujuzi ambao hakupewa hata wiki moja ya kuuandika.

Sidhani kwamba mambo lazima yawe hivi. Henriette Avram alipoingia katika maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1965 alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta, hakusomea ukutubi. Alipewa muda wa kujifunza kazi ya uorodheshaji kutoka kwa waliokuwa wakiifanya, akaongoza kazi iliyozaa MARC, muundo wa rekodi ambao hadi leo katalogi nyingi duniani zinautumia. Maktaba haikumwacha kwenye chumba cha mashine: alipanda, na alipostaafu mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa juu. Huko New Zealand, maktaba za Horowhenua zilipoona mwaka 1999 kwamba mfumo wao wa zamani usingevuka mwaka 2000, ziliagiza mpya uandikwe na waandishi wa programu wa Katipo Communications waliokaa na wakutubi wakasikiliza, na hivyo Koha ikapatikana, ikatolewa bure kwa wote. Hizo hazikuwa maktaba tajiri za mji mkuu. Mahali pote pawili kulikuwa na kiongozi aliyeona kwamba kazi ya mfumo ni kazi ya maktaba.

Najua mtaniuliza kuhusu takwimu. Mnapokwenda kuomba fedha mnaulizwa nani anaitumia maktaba na kwa faida gani, na siku hizi vyuo vingi vinataka kuunganisha kuingia maktaba na matokeo ya mitihani ili vimtambue mwanafunzi anayelegea. Shida yenu naielewa, na silidharau swali hilo. Matumizi ya majarida yanahesabika bila majina: taratibu za COUNTER, viwango vya kimataifa vya kuhesabu matumizi, zimekuwa zikizipa maktaba hesabu za aina hiyo tangu mwaka 2003, jarida kwa jarida, mwezi kwa mwezi. Uazimaji unahesabika kwa kitivo, kwa tawi, kwa rika, mradi kundi lisiwe dogo kiasi cha kumtambulisha mtu. Lakini kumfuata mwanafunzi mmoja mmoja, siku aliyoingia na alichofungua, na kupeleka hayo kwa mshauri wake wa masomo, hilo sikubaliani nalo hata likifanywa kwa huruma. Mwanafunzi anayejua kwamba kusoma kwake kunapimwa ataacha kusoma asichotaka kionekane. Anayetaka kufanya hivyo awaeleze wanafunzi waziwazi, awaombe ridhaa, na anayekataa asipoteze chochote. Anayeweza kuwaambia kiufundi kama ridhaa hiyo inaheshimiwa kweli ndani ya mfumo ni yuleyule asiye na kiti kwenye kikao.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yako ndani ya uwezo wenu. Undeni nafasi ya mkutubi wa mifumo yenye ngazi zake kuanzia anayeanza hadi mkuu, na mshahara unaokaribiana na wa TEHAMA, ili mtu apande bila kuacha kazi anayoijua. Wawe angalau wawili, maana mmoja huugua na huenda likizo. Mkataba wowote unaogusa taarifa za wasomaji usitiwe saini kabla hajauandikia maoni, na maoni hayo yawafikie nyinyi jinsi alivyoyaandika. Sera ya muda wa kutunza kumbukumbu ipitishwe na bodi, yenye namba za siku ndani yake, kwa proksi, kwa historia ya uazimaji, kwa kompyuta za umma na kwa nakala rudufu pia. Nakala rudufu husahaulika, na ndizo hubaki na majina yaliyokwisha kufutwa kwingine kote. Wapewe muda wa kujifunza ndani ya saa za kazi. Wakutubi wengine wote wafundishwe misingi ya kinachotokea msomaji anapoandika nywila, kwa kuwa wao ndio huulizwa kaunta. Na vyuo vinavyofundisha ukutubi viliingize hili katika masomo ya lazima. Mhitimu anayejua kuorodhesha kitabu na hajui proksi inaandika nini hajaandaliwa kwa kazi inayomngoja.

Baadhi ya haya yanagharimu. Mengine hayagharimu hata kidogo. Vyeti vya kusimba tovuti vinatolewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa mwaka 2015, kwa hiyo katalogi inayopokea nywila bila kusimbwa leo haina kisingizio cha fedha. Kuzima kihesabu wageni cha nje ni kazi ya asubuhi moja. Kuacha kuomba tarehe ya kuzaliwa kwa msomaji mzima ambaye umri wake hauhusiani na chochote ni kufuta kisanduku kimoja kwenye fomu.

Kabla bajeti ijayo haijafungwa, mwiteni kwenye kikao anayeendesha mfumo wenu. Muulizeni tunatunza nini kuhusu wasomaji, tangu lini, nani anaweza kukiona, na kinakwenda kwa kampuni zipi. Mpeni muda wa kujibu kwa maandishi, kisha majibu yake yawekeni hadharani pamoja na hatua mtakazochukua na tarehe zake, ili wasomaji nao wayasome. Maktaba itakayokosa mtu wa kumwita, iseme hivyo kwenye tangazo hilohilo, pamoja na tarehe ambayo nafasi hiyo itatangazwa.

Nasubiri majibu yenu.

Wenu katika kazi,
Mkutubi wa mifumo